Faru wa fedha hakutoi kimaisha, mshikaji!

Wiki hii tuongee pesa. Si ile ya kuhonga, ni ile ya kuficha kabatini.

Kwenye vijiwe vya huku kwetu, kuanzia Chanika pale Handeni mpaka stendi ya Korogwe, kuna stori haziishi. Fulani ana rupia ya Mjerumani, fulani ana sarafu ya faru, na Dar kuna Mzungu anazinunua kwa milioni kumi kila moja. Mzungu mwenyewe hajawahi kuonekana, lakini madalali wake wamejaa tele!

Juzi juzi mshikaji mmoja wa kijiweni alinifuata anahema. Anataka kuuza mbuzi watatu wa mama yake apate laki tatu ya kununulia hiyo sarafu ya faru. "Kaka, hapa tunatoka kimaisha!" Nikamwambia kaa kwanza, agiza chai.

Sarafu yenyewe ipo kweli, tusibishane. Mwaka 1974 Tanzania ilitoa sarafu tatu za ukumbusho, katika mpango wa nchi kadhaa pamoja na mashirika ya WWF na IUCN wa kuchangia uhifadhi wa wanyama. Ya Sh. 25 ina twiga na ya Sh. 50 ina faru mweusi, zote mbili za fedha. Ya tatu ni ya dhahabu, Sh. 1,500, yenye duma. Upande wa pili yupo Mwalimu Nyerere. Hizo hazikuwa za kununulia vitumbua. Zilikuwa za watu wanaokusanya sarafu, na sehemu ya pesa iende kwa wanyama.

Sasa tupige hesabu. Ya faru, ile iliyong'arishwa maalumu, ina gramu 35, na asilimia 92.5 ni fedha halisi. Hapo unapata gramu 32 na ushee, yaani aunsi moja na kidogo. Ulizia kwa sonara bei ya aunsi ya fedha siku hiyo, kisha ongeza cha juu kwa anayeipenda. Milioni kumi inatokea wapi hapo?

Kuna na mchezo mwingine. Sh. 50 yetu ya kawaida nayo ina faru, tena na mtoto wake, ila upande wa pili ni Mzee Mwinyi. Hiyo haina fedha ndani. Basi mshikaji akanionyesha kwenye simu picha aliyotumiwa na dalali. Nani yupo? Mzee Mwinyi, katulia zake! Mbuzi wakapona.

Kilichonigusa mimi ni faru mwenyewe. Ukitoka Korogwe kwa barabara ya Same, ukapita Mombo, unaingia upande wa Mkomazi. Sarafu ile ilipotoka mwaka 1974, faru weusi walikuwepo katika pori lile. Kabla miaka ya 1980 haijaisha, majangili walikuwa wamewamaliza wote kwa ajili ya pembe. Afrika nzima walikadiriwa 65,000 mwaka 1970. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 hawakufika hata 2,500. Yaani sarafu ya kumchangia faru ilibaki kabatini ikimeremeta, mwenye sura yake porini hayupo. Yote kwa tamaa ya mshiko wa chapuchapu, ile ile inayotaka kuuza mbuzi wa mama.

Nashukuru stori haikuishia hapo. Mwaka 1997 faru weusi waliletwa Mkomazi kutoka Afrika Kusini, wenye asili ya huku huku Afrika Mashariki, wakawekwa kwenye uzio na walinzi. Mwaka 2008 Mkomazi ikawa hifadhi ya taifa. Wamezaliana hapo, jirani zetu kabisa.

Kwa hiyo, kama babu amekuachia ile ya Mwalimu na faru, itunze. Usiisugue kwa majivu ing'ae, wakusanyaji hawaitaki iliyosuguliwa. Kama hukuachiwa, usihangaike wala usimsumbue bi mkubwa. Mbuzi anazaa, faru wa Mkomazi wanazaa. Sarafu haizai, hata uifunike na blanketi!

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.