Bahari ndani ya sebule: Gharama yake huanzia pwani

Na Mwandishi Wetu

USIKU wa Ijumaa, Agosti 25, 2023, umeme ulikatika karibu nchi nzima ya Kenya, na katika maeneo mengi giza liliendelea hadi siku iliyofuata. Kwa wakazi wengi wa Nairobi, lilikuwa suala la mishumaa na nyama iliyoanza kuyeyuka katika friji. Kwa mtu anayefuga matumbawe na samaki wa maji chumvi nyumbani, ilikuwa hesabu ya saa. Pampu ikisimama maji hayazunguki, na maji yasipozunguka oksijeni hupungua. Samaki huanza kutweta karibu na uso wa maji, na wafu wa kwanza huyachafua maji ya walio hai.

Ufugaji wa aina hii ni starehe ya wachache katika miji yetu, lakini Ulaya na Marekani ni biashara kubwa. Ripoti ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa (UNEP) ya mwaka 2003 ilikadiria kwamba watu kati ya milioni 1.5 na milioni 2 duniani walikuwa na matangi ya maji chumvi, na kwamba samaki milioni 20 hadi 24 waliuzwa kila mwaka kwa ajili hiyo. Pwani ya Kenya ni miongoni mwa sehemu ambako samaki hao hutoka. Kwa hiyo, hata msomaji asiyekusudia kamwe kununua tangi anayo sababu ya kulitazama jambo hili.

Tuanze na gharama za anayefuga. Tangi la lita 400 lenye chumvi ya gramu 35 kwa kila lita, kama ilivyo baharini, huhitaji kilo 14 za chumvi maalumu kwa kulijaza mara moja tu. Akibadilisha sehemu moja ya kumi ya maji kila wiki, huongeza kilo moja na nusu hivi. Joto linatakiwa libaki kati ya nyuzi 24 na 27 usiku na mchana. Matumbawe magumu hujenga mifupa yao kwa kunyonya kalisi iliyomo majini, hivyo mwenye tangi hulazimika kuipima na kuirudishia, isishuke chini ya miligramu 400 kwa lita. Juu ya hayo kuna taa, pampu, na chombo cha kuengua povu linalobeba uchafu.

Hata hivyo, kinachowashinda wengi si fedha bali subira. Tangi jipya huhitaji takriban mwezi mmoja hadi miezi miwili bakteria wajijenge katika mawe na kugeuza kinyesi cha samaki, ambacho ni sumu, kuwa kitu kisicho na madhara makubwa. Anayeweka samaki siku ya kwanza huwazika wiki ya pili. Vilevile zipo hatari zisizotajwa sana dukani. Machi 2018, familia moja katika Kaunti ya Oxfordshire, Uingereza, ilipelekwa hospitalini baada ya kuvuta hewa yenye sumu wakati tangi lao likisafishwa. Sumu hiyo, iitwayo palitoksini, hutolewa na aina fulani za matumbawe laini yanayouzwa kihalali kabisa.

Sasa tugeukie upande wa pili wa biashara. Ripoti hiyo ya UNEP ilitoa mfano wa nchi moja ya visiwa ambako, mwaka 2000, kilo moja ya samaki wa mapambo ilikuwa na thamani ya karibu Dola 500 za Marekani, ilhali kilo ya samaki wa miambani wa kuliwa haikuzidi Dola 6. Ukiisoma tarakimu hiyo haraka utadhani mpiga mbizi ni tajiri. Sivyo. Thamani hupanda katika safari, kutoka kwa anayezama na kimia chake, hadi kwa msafirishaji anayewafunga samaki katika mifuko ya maji na oksijeni, hadi kwa muuzaji wa ng'ambo. Samaki akifa njiani, hasara kwa kawaida hurudi chini, kwa aliyezama.

Kuruwitu, Kaunti ya Kilifi, wananchi waliliona tatizo hili mapema. Mwaka 2003 waliunda chama chao wakilalamikia uvuvi uliokithiri, pamoja na uchukuaji holela wa samaki na matumbawe kwa ajili ya matangi. Baadaye walifunga hekta 30 hivi za bahari wasivue humo kabisa, na mwaka 2017 walitunukiwa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Jambo la kuzingatia ni kwamba waliofunga bahari ni wavuvi wenyewe, ambao chungu chao kiliitegemea.

Wapo wanaosema dawa ni kuzalisha samaki hawa katika mabwawa. Samaki wa rangi ya chungwa na mistari myeupe anayeishi katika anemoni, aliyepata umaarufu kwa filamu ya mwaka 2003, huzalishwa hivyo kwa wingi. Kangaja wa manjano wa Hawaii, aliyewashinda wataalamu kwa miaka mingi, alifanikiwa kukuzwa kutoka yai mwaka 2015. Kwa mnunuzi hizo ni habari njema, kwani samaki wa bwawani amezoea chakula cha mkono na huugua mara chache.

Mwandishi wa makala haya haoni kwamba ni habari njema kwa kila mtu. Samaki akizalishwa Florida au Ulaya, fedha hubaki huko huko. Mpiga mbizi wa Shimoni au Mtwapa hataacha bahari. Atarudi kuvua kitoweo, pengine kwa nyavu zinazokwangua mwamba uleule. Kimia cha mkono kinachokamata samaki mmoja mmoja, kikisimamiwa, kinaweza kuwa na madhara madogo kuliko kokoro. Neno zito hapo ni "kikisimamiwa".

Aidha, tusiwatwishe wapiga mbizi lawama isiyo yao. Joto la bahari la mwaka 1998 liliua matumbawe mengi ya Kenya na Tanzania katika msimu mmoja. Aprili 2024, wanasayansi wa Marekani walitangaza wimbi la nne la kupauka kwa matumbawe duniani, na maji ya Tanzania yalikuwa miongoni mwa yaliyotajwa. Mwenye tangi akiona nyuzi zimepanda huwasha kipoozeo. Bahari haina kipoozeo.

Kuhusu usimamizi, kuna pengo la wazi. Matumbawe magumu, makombe makubwa na farasi wa bahari wamo katika orodha ya Mkataba wa CITES, na hawavuki mpaka bila kibali. Samaki wengi wa mapambo hawamo. Nchi wanachama zilikubaliana mwaka 2019 kwamba biashara hiyo ichunguzwe, na wataalamu walikutana Australia Mei 2024 kuijadili. Wakati hayo yakiendelea, kipande cha tumbawe kinachotua uwanja wa ndege wa London hudaiwa karatasi za nchi kilikotoka, ilhali kangaja aliye katika kasha la jirani hadaiwi kibali cha aina hiyo.