Kipuri cha Asili au cha Kiwanda Kingine?

Shehena nyingi za Kigali hutoka Dar es Salaam kupitia Rusumo, safari ya kilomita zipatazo 1,500. Kipuri cha foklifti nacho hungojwa njia hiyo hiyo. Si ajabu, basi, ndugu zetu askari wenye dhamana ya maghala wakishawishika kununua cha kiwanda kingine kilicho karibu.

Hatusemi wakikatae. Gurudumu, au brashi za mota zenye vipimo vile vile, vyafaa; kulipia jina tu ni kuchezea fedha za umma.

Betri ni jambo jingine. Katika foklifti ya umeme, betri ya risasi ni sehemu ya uzani wa nyuma uizuiao mashine isipinduke inapoinua mzigo. Bamba la mashine hutaja uzito wa betri usiopaswa kupunguzwa. Betri nyepesi, hata ikiwa na volti zile zile, itaiendesha mashine vizuri, mpaka siku ya mzigo mzito. Zile za lithiamu, ambazo ni nyepesi zaidi, hazina budi kuongezewa vyuma. Mnyororo wa kuinulia na breki navyo havitaki kubahatisha.

Mpokea vipuri na aipime betri kwenye mizani kabla haijafungwa. Ikipungua airudishe, hata kama mkuu wake ana haraka.