Vizibo vya Chupa si Takataka

Wako wanaotucheka sisi tuokotao vizibo vya chupa. Husema ni mchezo wa watoto. Naomba nafasi kidogo niwajibu.

Katika miaka ya 1880, wenye viwanda vya sigara huko Marekani walianza kutia katika pakiti kadi ngumu yenye picha ya mchezaji wa besiboli. Kadi ilizuia sigara zisivunjike, tena ilimfanya mnunuzi arudi kutafuta picha nyingine. Ilikuwa chambo, na wengi waliitupa. Lakini kadi moja ya mchezaji Honus Wagner, ya toleo la 1909 hadi 1911, iliuzwa mwaka 2022 kwa dola milioni 7.25.

Sisemi kizibo cha Primus kitatutajirisha. Hapa Bujumbura vijana huvichezea dama, kisha huvitupa. Lakini kiwanda cha Brarudi kilianzishwa mwaka 1955, mji huu ulipokuwa ukiitwa Usumbura. Kizibo au karatasi ya chupa ya siku zile ingetuonyesha picha na maneno yaliyowavuta babu zetu.

Mtasema, mwanafunzi na pombe wapi na wapi? Kuokota si kunywa. Anunuaye ili apate kizibo, huyo amekwisha nasa katika ndoana. Sisi tuokote kilichotupwa, tuandike mwaka na mahali, tukiweke katika sanduku moja hapa shuleni.

Nanyi mliosoma hapa zamani, tafadhali fungueni makasha yenu kabla wajukuu hawajayafagia.