Mcheza kwao atunzwe kwa fedha ya kwao

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Usemi huo watukumbusha sisi wananchi wa Songea deni letu. Mwaka 1985, na tena mwaka 1986, timu yetu ya Majimaji ilitwaa ubingwa wa Ligi ya Muungano, iliyozikutanisha timu za Bara na za Visiwani. Ilifanya hivyo kwa jina la vita vya 1905 hadi 1907, walivyopigana wazee wetu dhidi ya ukoloni wa Wajerumani. Leo kijana anayetaka kuivaa fahari hiyo shingoni ataitafuta kwa taabu.

Taifa zima lina medali mbili tu za Olimpiki, na zote ni za fedha. Zililetwa kutoka Moscow mwaka 1980 na ndugu Filbert Bayi, katika mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, na ndugu Suleiman Nyambui, katika mita 5,000. Hadi Michezo ya Paris ya mwaka 2024 hatukuongeza nyingine. Hata medali iitwayo ya dhahabu ni fedha ndani. Dhahabu hupakwa juu tu.

Hapo ndipo tunapoiona kazi. Si kila kijana apendaye michezo atakula kwa miguu yake, lakini anaweza kula kwa mikono yake: kufua vidani vyenye umbo la kiatu au mpira, pete zenye namba ya jezi, na nishani za washindi. Nembo ya klabu, bila shaka, aitumie kwa idhini ya klabu.

Fedha huyeyuka kwenye nyuzi 962 hivi, chini ya dhahabu na shaba. Fundi huchanganya sehemu 925 za fedha na sehemu 75 za shaba ili pambo liwe gumu. Tanuri dogo, fuawe, nyundo, koleo na tupa vyatosha kuanzia. Kinachopungua ni ujuzi.

Ujuzi huo wanao ndugu zetu wa Visiwani. Masonara wa Unguja wamefua vikuku, mitali na vipini kwa vizazi vingi. Ufundi huo ukizikwa pamoja na wazee, hapana azimio litakaloufufua. Tunawaomba wawapokee vijana wa Songea wajifunze. Nao vijana wapeleke vito vya Tunduru vikapambe kazi ya wote wawili.

Kwa viongozi tuna maombi mawili. SIDO, iliyoundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, na halmashauri, kwa mikopo ya vikundi vya vijana, wawasaidie watakaothubutu. Pili, zawadi za UMITASHUMTA na UMISSETA, japo chache, ziagizwe kwa mafundi wa hapa. Kiongozi anayehimiza kujitegemea jukwaani, kisha akagawa medali za bati zilizotoka ng'ambo, anajipinga mwenyewe.

Nanyi vijana, msiuze nikeli mkaiita fedha. Mteja mmoja aliyedanganywa atawaharibia soko mafundi wote. Kila pambo liwe na alama ya 925, na alama hiyo iwe ya kweli.

Chanda chema huvikwa pete. Chanda tunacho; pete tuifue wenyewe.