NGARA NA MGODI WA NIKELI: TUSIULIZE AJIRA TU, TUULIZE KITABAKI NINI



Ikisikika habari ya mgodi mpya, swali la kwanza la vijana ni moja: ajira zitakuwa ngapi? Swali zuri, lakini mimi naona tunaanzia siyo. Leo tuongelee Ngara, kule Kagera, kwenye kona ya Rwanda na Burundi, ambako unaandaliwa mgodi wa nikeli wa Kabanga.

Kwa wale msiofuatilia: Januari 2021 serikali ilisaini makubaliano na Kabanga Nickel, ikaundwa kampuni ya Tembo Nickel ambayo serikali ina hisa asilimia 16. Kiwanda cha kusafisha madini kikatangazwa kujengwa Kahama, pale ulipokuwa mgodi wa dhahabu wa Buzwagi. Na hapo Kahama ndipo pa kujifunzia.

Buzwagi ulianza uzalishaji 2009, ukafika mwisho 2021. Miaka 12 tu jamani! Mtoto aliyezaliwa mwaka mgodi unafunguliwa, ulifungwa akiwa bado shule ya msingi. Kahama haikufa, kweli. Lakini kwa nini? Kwa sababu ina mpunga, iko kwenye njia ya malori ya Rwanda na Burundi, na bandari kavu ya Isaka iko jirani. Yaani mji ulishikiliwa na biashara ambazo hazikuletwa na mgodi.

Halafu kuna hela ya halmashauri. Sheria ya wakati ule ilikuwa inasema ushuru wa huduma ni asilimia 0.3 ya mauzo. Lakini mikataba ya mwanzo, kama ya Geita na Bulyanhulu, iliweka kiwango maalum: dola 200,000 kwa mwaka, basi. Hebu piga hesabu. Mgodi ukiuza dhahabu ya dola milioni 300 kwa mwaka, asilimia 0.3 ni dola 900,000. Halmashauri inapoteza dola 700,000 kila mwaka, na hakuna aliyevunja kufuli! Imeandikwa kwenye mkataba. Ilichukua zaidi ya miaka kumi hadi hilo kurekebishwa. Hizo ni zahanati na madawati ya kizazi kizima.

Wazee wa Ngara wanajua utamu wa neema ya ghafla. Mwaka 1994 wakimbizi wa Rwanda walivuka Rusumo kwa mamia ya maelfu, kambi ya Benaco ikawa kama jiji. Mashirika yakaja na magari, vijana wakapata kazi za udereva, ulinzi na ukalimani, biashara zikachangamka, kodi za nyumba zikapaa. Desemba 1996 wakimbizi wakarudishwa kwao, na mshiko ukaondoka nao. Aliyekuwa ameweka akiba akawa na nyumba. Aliyekula yote akabaki na hadithi na misitu iliyokatwa kuni.

Sasa basi, mimi nadhani watu wa Ngara wabane mambo matatu mapema, maana mgodi ukishaanza kuchimba nguvu ya kujadiliana inapungua.

Kwanza, fidia. Mgomba unalisha familia miaka na miaka, hela ya fidia inaweza kuisha kwa msimu mmoja. Na ikilipwa kwa jina la baba peke yake, mama aliyekuwa analima hilo shamba anabaki anasikia tu kuwa kuna hela ilikuja. Jina la mke liwepo kwenye fomu na kwenye akaunti. Pia mjue, fidia ikicheleweshwa zaidi ya miezi sita sheria inataka ilipwe na riba. Msiogope kudai.

Pili, zabuni. Tangu 2017 na kanuni za 2018, sheria inataka migodi itoe kipaumbele kwa bidhaa na huduma za Watanzania. Safi. Ila Mtanzania siyo lazima awe wa Ngara! Tajiri wa Dar au Mwanza naye ni Mtanzania, ana mtaji na ana makaratasi. Kijana wa Rulenge anayelima nyanya asipokuwa na ushirika, TIN na akaunti ya benki, atauza kwa dalali, dalali atauza mgodini.

Tatu, mpango wa huduma kwa jamii. Sheria inataka mgodi ukubaliane na halmashauri kila mwaka nini kifanyike. Swali: diwani wako amewahi kuusoma huo mpango kwenye mkutano wa hadhara? Muulizeni.

Sisemi mgodi usije. Na ajira zitakuwepo, ingawa kwa kawaida kazi nyingi ni za wakati wa ujenzi, zikiisha anabaki mwenye ufundi: umeme, uchomeleaji, mitambo. Kwa hiyo kijana nenda VETA sasa, usisubiri tangazo.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu mgeni anakuja na jembe lake, na mavuno anaondoka nayo. Tukubaliane mapema anatuachia nini.

Wadau wa Ngara mnaonaje? Na nyie wa Kahama na Geita, wapeni wenzenu uzoefu.

Nawasilisha.