Sehemu ya 4: Mkaribisheni mtoto, asali iacheni

Wamama wa Sitalike, leo mnisikilize hata kama mtanuna.

Mtoto akizaliwa, aadhiniwe sikioni. Siku ya saba apewe jina, achinjiwe akika, anyolewe kwa wembe mpya, itolewe sadaka ya fedha kwa uzito wa nywele zake. Hapo sina ugomvi na mtu. Ugomvi wangu ni kile kijiko cha asali.

Mnaniambia, "Nesi, hii ni tahniki." Haya. Tahniki inayosimuliwa ya Mtume ni ya tende, tena ni sunna, si faradhi. Asiyefanya hana dhambi. Sasa bibi anayemlambisha kichanga asali anatetea nini?

"Lakini ni asali safi ya Inyonga!" Najua, hata mimi naipenda. Usafi si hoja. Asali yoyote inaweza kubeba vijidudu vya botulizimu, na kuchemsha jikoni hakuviui. Tumbo la mtu mzima linavimudu. La mtoto chini ya mwaka 1 bado. Humo vinatoa sumu: mtoto anakosa choo, analia kwa sauti dhaifu, ananyonya kwa shida, mwili unalegea, mwisho pumzi inagoma. Ukiona hayo, kimbia kituoni usiku huohuo.

Miezi 6 ya mwanzo ni maziwa ya mama tu. Yale ya njano ya siku za kwanza ndiyo utamu wake wa kwanza.

Na wewe baba, mama yako akileta kijiko, usimwache mkeo agombane peke yake. Sema wewe.