Mashine Haiui Neno
Wapo wanaoshikilia kwamba mashine ikishaingia kati ya mdomo na sikio, neno hupoteza uhai. Kazi ya msanii Laurie Anderson wa Marekani inalipinga dai hilo kwa ushahidi. Mwaka 1977 alitengeneza fidla ambayo upinde wake, badala ya singa za farasi, ulifungwa utepe wa sumaku uliorekodiwa sauti. Kifaa cha kuusoma utepe kikakaa kwenye fidla yenyewe. Akivuta polepole, neno linajikokota. Akirudisha mkono, linasemwa kinyumenyume. Hapo msikilizaji analazimika kusikia silabi, pumzi na mkazo, mambo tunayoyapita kila siku tukikimbilia maana.

Watasema huo ni mchezo wa maabara, si muziki wa watu. Lakini wimbo wake “O Superman” wa 1981, wenye dakika zaidi ya nane, silabi moja ikijirudia tangu mwanzo na maneno yakisemwa zaidi ya kuimbwa, ulifika nafasi ya pili katika chati ya Uingereza. Ni kweli, mashine hutumika pia kuficha sauti dhaifu, na hapo lawama ni halali. Anderson anafanya kinyume: katika wimbo huo, kupitia vokoda, kifaa kinachoipa sauti ya mtu mlio wa mashine, mama anayempigia mwanawe simu anasikika yuko karibu na yuko mbali kwa pamoja, na upweke ule unauma kuliko ambavyo sauti isiyoguswa ingeweza kuuma.